Nilivyomuua Bibi kwa Kalamu ya Bluu

Kosa langu kubwa kazini nalitaja mapema, msije mkalisikia kwa watu likiwa limeongezwa chumvi: nilimwandika bibi yangu kwenye orodha ya marehemu. Mwandiko mzuri, kalamu ya bluu, herufi kubwa. Na wakati naandika, marehemu mwenyewe alikuwa jikoni, hatua sita kutoka nilipokaa, anachambua maharage na kulalamika kwamba ya mwaka huu yana mawe kuliko maharage.

Naitwa Minani, niko kidato cha nne, na nimeshastaafu. Msicheke. Nilikuwa mkalimani wa Wamormoni hapa Kasulu kwa mwaka mmoja na nusu, nikastaafishwa na mama yangu mzazi bila barua wala sherehe. Nasikia baadhi yenu wa kidato cha kwanza na cha pili mnaitaka nafasi yangu kwa sababu eti kuna Kiingereza cha bure na tai. Kiingereza kipo. Tai nayo ipo, ninayo mpaka leo, naifungia begi lililokatika zipu. Lakini kaeni kwanza, wadogo zangu, niwaambie ile kazi ina nini ndani yake.

Kwanza mjue walifikaje, maana mtaulizwa kila mlango, na mkalimani akijibu "sijui" watu wanaanza kujijibu wenyewe. Wengi wanadhani dini hiyo ilishuka na ndege kutoka Marekani. Uongo. Wa kwanza hapa kwetu alitoka kambi ya wakimbizi, kwa miguu, na alikuwa Mkongo. Ndiye Papa Zeromu, fundi viatu wa pale njia ya sokoni, mnamfahamu. Alikuja na vitabu vyake vya Kifaransa ndani ya mfuko wa unga, akapata chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akaanza kusali humo na watu watatu. Mashine ikiunguruma, vumbi la unga linapita kwenye ufa wa ukuta. Kila aliyekwenda kusali alirudi na kichwa cheupe, na mtaani wakasema, "Hiyo dini inazeesha."

Kibondo nako, alivyonisimulia Papa Zeromu, kulianza na nesi mmoja aliyehamishiwa huko kikazi kutoka Arusha. Alikuwa anasali peke yake sebuleni na kujiimbia, mpaka jirani yake akajiunga kwa kumhurumia. Basi, historia ndiyo hiyo. Fundi viatu na nesi. Mtu akiwaambia walikuja na maboksi ya dola, mwambieni Papa Zeromu bado anatumia nyundo yenye mpini wa tawi la mpera.

Ubatizo wao ni wa kuzamishwa mwili mzima. Kiangazi kile mto wa karibu ulikuwa unakufika kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo Papa Zeromu akaomba shimo la wafyatua matofali lililokuwa na maji. Watu wanne wakaingia na nguo nyeupe, wakatoka na rangi ya tofali bichi, wamesimama juani wanatetemeka. Kitongoji kizima kilikuwa juu ya kichuguu kinaangalia. Mama mmoja akasema, "Wanawafinyanga upya." Maneno hayo yalitembea hadi Kabanga kabla hao wanne hawajakauka.

Halafu wakaja Wazee, na mimi nikapata kazi.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Wale vijana wa mashati meupe wanaotembea wawili wawili, kila mmoja ana beji kifuani, na kwenye beji imeandikwa "Mzee". Ndicho cheo chao. Niliokuwa nao mimi walikuwa Mzee Kalebu, Mmarekani wa miaka ishirini mwenye chunusi, na Mzee Onyango, Mkenya, aliyemzidi kwa mwaka mmoja. Siku ya kwanza nilipowaleta nyumbani, Bibi alitoka, akamwangalia Mzee Kalebu kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyu ndiye Mzee?"

"Ndiye, Bibi."

"Mzee wa nani? Mbona hata ndevu hazijamjia?"

"Ni cheo tu, Bibi. Kama mwenyekiti. Mwenyekiti si kiti."

"Mwenyekiti wetu ana wajukuu," akasema Bibi, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo alimwita Mzee Kalebu "yule mtoto", na Mzee Kalebu akaitika, maana Kiswahili chake kilikuwa cha darasani na aliamini ni neno la upendo.

Mtego wa pili ni chai. Hawanywi chai, hawanywi kahawa. Sasa nyie mnajua, ukimkatalia mtu wa huku chai yake umeshamwambia kitu, hata kama hujafungua mdomo. Nyumba ya kwanza tuliyoingia Heru Juu ilikuwa ya balozi wetu wa nyumba kumi. Mkewe akamimina chai ya maziwa. Wazee wakatabasamu, hawakugusa. Yule mama akachukua kikombe cha Mzee Kalebu, akanywa nusu mbele yetu sote tuone kwamba hakufi mtu, akakirudisha mezani. Mzee Kalebu akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Ninakushukuru sana, sitakunywa." Nikaona mambo yanaharibika, nikawahi kusema, "Daktari amewakataza." Kufikia Jumapili Heru Juu nzima ilikuwa na habari kwamba Wamormoni wana ugonjwa, na kwamba ndiyo maana wanatembea wawili wawili, mmoja akianguka mwingine ambebe.

Ufundi wenyewe ni huu: ingia wewe kwanza, uende mpaka jikoni, uombe uji au maji ya moto kabla birika halijatoka. Kitu ambacho hakijamiminwa hakijakataliwa. Ilinichukua miezi mitatu kulijua hilo.

Hayo yote ni madogo. Kubwa ni karatasi.

Wamormoni wanatafuta majina ya wafu. Nawaambia bila kuficha, kwa sababu mimi nililijua nikiwa nimeshavaa tai. Wana karatasi yenye visanduku: cha chini chako, juu yake baba na mama, juu yao babu na bibi, mpaka karatasi inaisha. Kila kisanduku kinataka jina, alizaliwa wapi, alifariki lini. Wakishapata majina wanayapeleka kwenye mahekalu yao, mtu aliye hai anabatizwa kwa niaba ya babu yako aliyekufa. Mzee Kalebu aliniambia babu yako huko aliko anaulizwa kama anakubali au anakataa. Nikamuuliza, na akikataa? Akasema hakuna ubaya. Nikaliangalia hilo jibu mbele na nyuma, nikaliona laini mno. Kitu ambacho hakina ubaya kwa nini kina fomu?

Mwanzoni lakini nilicheka zaidi kuliko kushuku. Siku moja Mzee Kalebu alinitandazia karatasi zake mezani, macho yanang'aa.

"Ndugu Minani, ukoo wa Bukuru ni mkubwa sana! Nyumba saba! Na wewe una ndugu wengi."

Alikuwa amewaunganisha akina Bukuru wote wa Heru Juu kwa mistari ya rula. Na mimi alikuwa amenipa ndugu watano, akina Minani wote hadi yule mlevi wa Kitanga. Jamani. Nyie mnajua, lakini wageni hawajui: kwetu Bukuru ni pacha aliyetangulia kutoka, Butoyi ni aliyefuata. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Mimi ni wa nane, mama alishachoka kutafuta majina. Hakuna ukoo hapo, ni hesabu. Nilimwacha na mistari yake wiki mbili nzima, nikila raha, ndipo nikamweleza. Alifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka, akaandika somo hilo kwenye daftari lake: *Ukimpata Butoyi, muulize Bukuru yuko wapi.* Maneno hayo nilimfundisha mimi. Yawekeni akilini.

Sasa, watu wakaanza kufunga milango. Si kwa sababu ya dini. Nyie mnaokaa huku hamhitaji kuambiwa ni nyumba ngapi zina bibi aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto. Wamepewa uraia, wanapiga kura, wanalima mihogo kama wengine. Lakini karatasi inayokuuliza babu yako alizaliwa kilima gani haijawahi kumletea mtu wa huku zawadi. Dereva mmoja wa boda akaja na habari kutoka Kibondo: wale wa mashati meupe wanaandika majina, na wakishamaliza yatakuja malori ya kuwarudisha watu. Hakuwa ameona lori. Alikuwa amemsikia mtu aliyemsikia mtu. Ilitosha. Tukipita, watoto wanaitwa ndani. Mke wa balozi, yule wa chai, akanisimamisha njiani.

"Minani, unawaandikia nini?"

"Majina ya wazee waliokufa, Mama."

"Na waliokufa wanahitajika wapi?"

Nikasukuma fomu ndani ya begi, nikaaga.

Kwetu, wadogo zangu, jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko nilivyotaka kukiri. Majirani wanajua sisi ni wa hapahapa Heru Juu. Ndivyo Mama alivyotufundisha kujibu tangu tukiwa wadogo. Ana kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, ndani yake kuna cheti cha uraia cha Bibi kimefungwa kwenye nailoni mbili. Halifunguliwi mbele ya mgeni. Kila serikali inapotangaza kuandikisha watu, hata kama ni mbolea ya ruzuku, Mama analichungulia lile kopo kwanza.

Nami nikafanya nini? Mzee Kalebu alikuwa anarudi na karatasi tupu, amenyong'onyea, nikamwonea huruma. Nikaanza kutunga. Nyandwi mwana wa Bucumi. Bucumi mwana wa Minani. Kwa siku tatu nilizalisha wazee arobaini, wote nikawazika vizuri. Akafurahi, akasema, "Ndugu Minani, sasa familia yako." Nikamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, nitajie wazazi wako."

"Wafu wangu wanakuhusu nini?"

"Ni karatasi tu."

"Basi andika karatasi. Mimi nina maharage."

Nikaandika. Mwenyewe nilijua jina lake, Butoyi, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Kilima alichozaliwa, huko Burundi, nilikisikia siku moja kupitia ukutani akiongea na Mama. Nikakiandika. Kikabaki kisehemu cha "alifariki". Nafasi tupu kwenye fomu inaonekana uzembe, na mimi nilikuwa na sifa ya kazi safi. Nikajaza: Kasulu, mwaka jana. Nikampa Mzee Kalebu pamoja na wale arobaini wangu. Jumamosi alikuwa aende nazo Kigoma mjini, kwenye mtandao wa maana, akaziingize. Huku simu yake ilikuwa inazunguka tu ikitafuta mtandao.

Alhamisi mchana walikuja kutoa pole; kwetu walikuwa hawajakanyaga kwa miezi mingi, wakaiamini karatasi.

Papa Zeromu mbele, kofia mkononi. Wazee nyuma yake, tai zimenyooka. Nyuma yao kina mama wawili wa kanisani na wimbo wa maombolezo, polepole. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, nikatafuta pa kujificha, fagio halifichi mtu. Majirani wakatoka kuangalia. Mlango wa jikoni ukafunguka, Bibi akatoka na ungo wake.

"Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Papa Zeromu akamtazama Bibi, akanitazama mimi, akamtazama tena Bibi.

"Mama," akasema, "tumeambiwaka ni weye."

"Mimi?"

"Karatasi inasema. Mwaka jana."

Bibi akageuka kwangu. "Mwaka jana wote nimekupikia, Minani. Ulikuwa unakula chakula cha nani?"

Mzee Onyango akacheka, akajifanya anakohoa. Wengine hawakucheka, kwa sababu Mama alikuwa ameshatoka.

"Karatasi gani?" akauliza.

Mzee Kalebu akaitoa kwenye begi, akampa kwa mikono miwili. Mama akasoma. Nilimwona macho yanavyoshuka mstari kwa mstari, yakafika kwenye jina la kile kilima, yakasimama hapo. Akainua uso, akawaangalia majirani uani, mke wa balozi akiwa mbele kabisa, shingo imerefuka.

"Ingieni ndani," akasema. "Minani, funga mlango."

Ndani aliongea kwa sauti ya chini, na mimi ningeona afadhali kupigwa.

"Nani mwingine ameisoma hii?"

"Mimi na Papa Zeromu tu, Mama," akasema Mzee Kalebu. "Papa aliona jina na tarehe."

"Umeipiga picha?"

"Hapana, Mama."

"Lete simu."

Akampa bila kusita, na kwa jinsi alivyotoa haraka Mama akazidi kushuku. Alipekua picha moja moja. Mwanamke mnene wa kizungu anapunga mkono. Mbwa. Ugali. Mbwa. Ugali na dagaa. Mbwa tena.

"Huyu nani?"

"Mama yangu."

Mama akamrudishia simu. Karatasi hakurudisha, aliibana kwapani.

"Na hizo nyingine?" akauliza. "Za watu wa hapa? Wakija na malori, mtasema nini?"

Hapo nikaona ni lazima niseme, maana hofu yote ile ilikuwa inawalinda watu niliowatunga mwenyewe.

"Mama, zile nyingine si za mtu yeyote. Nimezitunga. Nilihesabu tu: saba, nane, kumi."

Mzee Kalebu akanielewa taratibu, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Hao watu arobaini hawakuwepo?"

"Hawakuwepo, Mzee."

"Lakini mimi nimewaombea," akasema. "Kila asubuhi. Kwa majina."

Hakupaza sauti. Akakaa kwenye kigoda, akashika begi lake. Nimeshachapwa na mwalimu wa nidhamu mbele ya shule nzima, haikuuma hivyo. Papa Zeromu akatikisa kichwa. "Kijana, weye unafinyangaka batu kushinda sisi."

Bibi alikuwa amesimama na ungo muda wote huo. Akaniuliza kwa Kirundi kama amesikia sawasawa, kwamba yule mtoto anawaombea watu ambao hawajawahi kuwepo. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri.

"Na wangu, ambao walikuwepo, nani anawaombea?"

Akaweka ungo chini, akakaa. Mama akasema, "Mama, acha." Bibi akasema mlango si umefungwa? Akaanza kutaja. Baba yake. Mama yake. Kaka wawili, mdogo wao aliyekuwa bado hajatembea. Alitaja haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Fomu ilikuwa kwapani kwa Mama, kwa hiyo nikachukua daftari langu la Jiografia, nikaandika upande wa nyuma. Mzee Kalebu hakutoa kalamu. Hakugusa kitu. Alisikiliza tu. Mimi nilimchungulia mara mbili nione kama anakariri.

Bibi akamaliza. Nikahesabu majina. Na hapo, wadogo zangu, ule ufundi wangu niliomfundisha Mmarekani ukanirudia usoni. Miaka kumi na saba nimekaa na huyu mwanamke. Nilimrekebisha mgeni kuhusu nyumba saba za watu wengine.

"Bibi," nikasema. "Wewe ni Butoyi. Bukuru yuko wapi?"

Mama aligeuka kama amechomwa. Kumbe naye hakuwahi kuuliza. Alimwita "Mama" tu, kama sisi tunavyomwita Bibi, na lile jina likakaa ndani ya kopo na cheti.

"Tulivuka mto usiku ule watu wengi," akasema Bibi. "Mimi mbele, yeye nyuma, ameshika nguo yangu. Maji yalitufika hapa." Akaonyesha kifuani. "Upande huu nikahisi nguo imelegea. Nikageuka. Watu walikuwa wengi. Nikaita, kila mtu alikuwa anaita mtu wake."

"Hukumwona tena?"

"Wengine walirudi ng'ambo asubuhi yake. Sijui."

Nje mke wa balozi alikuwa anauliza kwa sauti kama kuna msiba au hakuna, ajue kama atapika.

Mzee Kalebu alikwenda Kigoma ile Jumamosi na begi jepesi, karatasi za wale arobaini wangu alizichana mwenyewe mbele yetu. Yetu iliingia kwenye kopo na haijatoka. Bado wanapita mtaani wawili wawili, na mpaka leo sijui nimwamini nani zaidi, wao au dereva wa boda. Anayetaka kazi aende kwa Papa Zeromu. Aombe uji mapema. Asitunge.

Lakini lile la kustaafishwa lilitokea palepale, kabla Wazee hawajaondoka. Nilikuwa nimeshaandika "Bukuru" chini ya majina mengine. Wote waliotangulia niliwaandikia "marehemu", na mkono ulikuwa umeshazoea, ukaanza herufi ya kwanza. Mama akaunyakua ule mkono, akachukua kalamu. Akafuta ile herufi kwa kidole chenye mate mpaka ikawa doa la bluu, halafu akasema:

"Hapo acha wazi, Minani. Mmoja umeshamuua akiwa jikoni anachambua maharage. Huyu naye huenda yuko jikoni kwake."